Ndeshi na Mnada wa Mavuno

Kuna watu hela zao zinaishia kwenye nguo, wengine kwenye bia na nyama choma, na wengine ukiwauliza hawajui hata zinaishia wapi. Za Ndeshi zilikuwa zinaishia kanisani. Tena usifikiri ni kwenye kapu la sadaka. Zilikuwa zinaishia nje, pale uwanjani, kwenye mnada.

Kama hujawahi kukaa na Walutheri wa Arusha, ngoja nikueleze. Si kila mtu ana noti ya kutoa Jumapili. Mwenye kuku analeta kuku, mwenye mayai analeta mayai, na ibada ikiisha watu wanazunguka uwanja, vitu vinapigwa mnada, hela inaingia kanisani. Sasa pale ndipo utawajua watu! Trei la mayai ambalo dukani unalipata kwa elfu kumi, pale linaondoka kwa elfu arobaini, na aliyelinunua anatembea nalo hadi nyumbani huku anacheka peke yake, kwa sababu amemshinda mtu.

Ndeshi alikuwa hapendi kushindwa. Alikuwa na miaka thelathini na nne, hajaolewa, anafanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno kule Njiro, mpole kabisa siku sita za wiki. Ya saba, akisimama kwenye ule uwanja, damu inamchemka. Mzee Solomoni, aliyekuwa akiendesha mnada, alishamjua. Akiona bei imelala anamgeukia tu: "Naona leo Ndeshi ameamua kumwachia Elifuraha." Basi. Hapo hapo mkono wa Ndeshi uko juu.

Na huyo Elifuraha ndiye aliyekuwa kiboko chake. Mtu wa duka la vifaa vya ujenzi, kitambi kidogo, tabasamu kubwa, na ana tabia mbaya moja: anaongeza elfu moja moja, taratibu, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Ndeshi akisema ishirini, yeye ishirini na moja. Yaani hiyo elfu moja ndiyo ilikuwa inamtoa Ndeshi roho.

Jumamosi moja shoga yake, Nashipae, muuguzi wa pale pale kliniki, alimtembelea kule Themi alikopanga chumba na sebule. Kabla hajakaa akasikia kitu kinakwaruza chini ya meza. Akainama. Jogoo watatu, wamefungwa miguu kwa kamba ya katani.

"Ndeshi, hawa ni nini?"

"Jogoo."

"Naona ni jogoo. Wanafanya nini sebuleni?"

Ilibidi aeleze. Mama mwenye nyumba alishasema nyumba yake si banda, kwa hiyo nje hawakai. Kuwachinja alikuwa hana moyo, maana kila mmoja alikuwa ushindi wake. Nashipae akauliza bei. Ndeshi akataja, kwa sauti ndogo. Nashipae, ambaye kwao ni wafugaji na bei ya mnyama hadanganywi, akajishika kiuno.

"Shoga yangu, hiyo ni bei ya mbuzi. Tena mbuzi aliyenona."

"Ni ya Mungu hiyo."

"Sawa, Mungu kapata. Na kodi ya nyumba unayokopa kwangu kila miezi mitatu, hiyo ni ya nani?"

Aibu ilimshika Ndeshi, tena aibu ya kweli, kwa sababu Nashipae hakuwa mtu wa kumsimanga mwenzake, na siku akisema kitu ujue amekivumilia muda mrefu.

Jioni ile wakachinja jogoo mmoja, wakampika na ndizi, na wakati wanakula wakapanga bajeti. Ndeshi alikuwa na rundo la bahasha za ahadi za kanisa zilizobaki mwaka uliopita, zimechapwa namba yake ya usharika, na yeye si mtu wa kutupa kitu. Wakaandika juu ya kila moja: kodi, chakula, nauli, mama, fungu la kumi, michango. Hiyo ya michango iliwachosha. Wewe unajua mwanamke asiye na mume anavyochangishwa mji huu. Kila harusi, kila send-off, kila kitchen party, kadi inakuja na maneno yale yale: "Wewe huna watoto, hela unapeleka wapi?" Wakaiwekea kiwango na wakakubaliana ikiisha imeisha, atakayenuna anune.

Nashipae akashika bahasha mbili zaidi. Moja akaandika "Raha".

"Hii ni ya chipsi na nyama choma, mimi na wewe, mwisho wa mwezi. Bajeti isiyo na raha utaitoroka kabla ya tarehe kumi." Nyingine akaandika "Mnada", akaweka elfu tano. "Kwa kila Jumapili. Na usiniangalie hivyo."

Ilibaki moja haijaandikwa. Ndeshi aliigeuzageuza, mwishowe akaandika mwenyewe: "Kiwanja."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote jambo hilo. Kwao ni Machame, na Machame shamba la ukoo, kihamba, linakwenda kwa mtoto wa kiume. Kaka yake Ebenezer alishakabidhiwa, na Ndeshi hakuwa na kinyongo naye hata chembe. Lakini kila akienda Krismasi alikuwa analala kwenye chumba cha wageni, katika nyumba alimozaliwa, na shuka anaonyeshwa lilipo. Alitaka mahali ambapo yeye ndiye anayewaonyesha watu shuka.

Nashipae alikuwa na baba mdogo huko Ngaramtoni, Mzee Lemburis, aliyekuwa anauza kipande chake kwa awamu. Wakaenda. Kilikuwa kwenye mteremko, udongo mweusi, mfereji wa maji unapita upande wa chini na mlima Meru umesimama nyuma yake, mkubwa kiasi kwamba inabidi ukunje shingo. Ndeshi alikipenda hapo hapo, mpaka akaona haya kukiangalia sana mbele ya mwenye nacho. Wakaandikishana ofisi ya kijiji: laki mbili na nusu kila mwezi, mwaka na nusu. Mzee Lemburis alikuwa mpole ila si mchezo. Awamu ya mwisho isipofika siku yake kabla ya saa sita mchana, kiwanja kinakwenda kwa anayefuata, na hela yako unarudishiwa imekatwa robo. "Binti yangu, mimi nina watoto wanaosoma," alisema. "Usinune, ndiyo makubaliano." Ndeshi akatia sahihi.

Mwezi wa kwanza ulimtoa jasho. Aliichokoa bahasha ya nauli kwa ajili ya kitchen party ya mtu ambaye hata hakumpenda, kwa hiyo wiki nzima akatembea kwa miguu kutoka Themi hadi Njiro, amebeba viatu vya kazini kwenye mfuko. Siku ya tatu akashangaa kuona kwamba anafurahia. Asubuhi mlima unaonekana wote, hewa ina baridi tamu, na watu aliokuwa akiwapita kwenye gari bila kuwaona sasa wanamsalimia kwa jina. Mwezi uliofuata nauli ilikuwepo, na bado siku nyingine alitembea.

Kanisani ndiko ilikokuwa kazi. Elfu tano kwenye mnada, jamani, hiyo haikununulii hata mchicha. Jumapili ya kwanza alipoinua mkono mara moja akaushusha, Mzee Solomoni alimuuliza mbele ya watu kama anaumwa. Elifuraha alimtazama kwa wasiwasi kabisa. Lakini Ndeshi alikuja kugundua siri ya uwanja ule: vitu vidogo vinavyotolewa mwanzo, watu wakiwa hawajachangamka, vinakwenda kwa bei ya kawaida. Akawa mnunuzi wa fungu la kwanza la karoti. Watu wakacheka, wakazoea.

Asiyezoea alikuwa mama yake.

"Kiwanja cha nini?" alisema kwenye simu. "Utaolewa, mume atakuwa na kwake. Hicho utamwachia nani?"

"Nisipoolewa je, mama?"

"Usiseme hivyo!" Na simu ikakatwa.

Baadaye Ebenezer akampigia huku anacheka mpaka anakohoa. "Dada, asante sana kwa kuninunulia kiwanja Arusha!" Kumbe mama amewatangazia kina mama wenzake Machame kwamba Ebenezer amenunua kiwanja, na Ndeshi anamfuatilia tu kwa kuwa yuko karibu. Ebenezer alimkanusha mama yake, ila nani alimsikiliza? Ndeshi alicheka naye kwenye simu. Alipokata akakaa kitandani na machozi yakamtoka. Ilimuuma. Chakula alichojinyima, jua lililompiga njiani, vyote vimepewa jina la mtu mwingine.

Lakini hakuacha. Mwaka ukapita, miezi ikaongezeka, awamu ikabaki moja. Na sasa angalia mambo yalivyojipanga: siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa Jumatatu, na Jumapili iliyoitangulia ilikuwa Sikukuu ya Mavuno.

Mavuno ndiyo mnada wa minada. Siku hiyo madhabahu haionekani kwa mahindi, maboga, miwa na mbuzi. Na mama yake Ndeshi alikuwa haikosi hata iweje. Usharika wake mwenyewe ulikuwa na mavuno yake Jumapili nyingine, lakini hii ya Arusha aliijia kwa basi kila mwaka, na mkungu wa ndizi kutoka kwenye migomba yake, aulete mbele, na mwanawe aukomboe. Ndiyo desturi yenyewe. Mzazi akileta kitu, mtoto ndiye anayekinunua, na bei yake ndiyo heshima ya mzazi. Mwaka uliopita Ndeshi aliteleza bajeti siku hiyo moja, akaukomboa kwa elfu tisini, vigelegele vikapigwa, na alikula dagaa mwezi mzima. Mama aliisimulia Machame mwaka mzima.

Jumamosi akafika na mkungu mkubwa kuliko wote aliowahi kuleta, kondakta na Ndeshi wanasaidiana kuubeba.

"Umeuona huu?" mama akasema, anajifuta jasho, amefurahi. "Kesho utanikomboa vizuri."

Kwenye bahasha ya mnada, kwa kujibana Jumapili mbili, kulikuwa na elfu kumi na tano. Bahasha nyingine zote zilikuwa nyepesi, maana ulikuwa mwisho wa mwezi. Iliyonona ilikuwa moja tu, na kesho kutwa ilikuwa inakwenda Ngaramtoni.

"Mama, mwaka huu nina elfu kumi na tano."

Mama alimwangalia kama mtu aliyeambiwa utani usiochekesha. "Acha hizo," akasema, akaenda kunawa.

Jumapili uwanja ulifurika. Mzee Solomoni alikuwa amevaa suti yake ya kahawia na sauti yake ya siku kubwa. Mbuzi wakaenda, maboga yakaenda, na Elifuraha alishanunua miwa ambayo hakujua ataibebaje. Kisha mkungu wa mama ukainuliwa na vijana wawili.

"Ndizi za Machame hizi! Za Mama Ndeshi! Ndeshi mwenyewe yuko wapi?"

Watu wakampisha mpaka akabaki mbele peke yake. Mama alisimama pembeni na kitenge chake kipya, kidevu juu. Ndeshi akainua mkono.

"Elfu kumi na tano!"

"Ndeshi anaanza na kumi na tano," Mzee Solomoni akasema kwa raha, maana alidhani ni mwanzo. "Nani anamgusa?"

"Kumi na sita," akasema Elifuraha, taratibu, na lile tabasamu.

Watu wakamgeukia Ndeshi. Mkono ukawa unamwasha. Mzee Solomoni akasubiri, akaona si kawaida.

"Ndeshi! Ndizi za mama mzazi zinaondoka! Kama mfukoni pamekauka, hata ahadi tunapokea, utalipa jioni!"

Ahadi! Shetani hana maneno matamu kama hayo. Aseme tu themanini, vigelegele vipigwe, mama acheke, na jioni afungue ile bahasha moja. Kumweleza Mzee Lemburis atajua kesho. Akamtazama mama yake. Kile kidevu kilikuwa kimeanza kushuka. Ndeshi alisikia moyo unampasuka, nisikufiche, na midomo yake ilishafunguka kutaja bei. Kisha akaona mteremko ule, na udongo mweusi, na chumba cha wageni kule Machame na shuka lililokunjwa.

"Baba," akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa wapishi kule nyuma, "bajeti imeisha!"

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Hata mchungaji alitoa kitambaa akafuta machozi. Na katika kelele ile Elifuraha, aliyekuwa hajaelewa kwamba vita imekwisha na anayejua kupigana na Ndeshi tu, akaendelea kwa mazoea: "Kumi na saba!"

"Unajipandia mwenyewe?" Mzee Solomoni akauliza. "Haya, mtu wa Mungu ana furaha, tusimzuie! Nani anamfikisha hamsini?" Wazee wa kanisa nao wakaona mchezo. Huyu akasema thelathini, yule arobaini, wanamchokoza, na Elifuraha kila mara anaongeza elfu yake moja kwa uchungu, kwa kuwa hawezi kujizuia, mpaka akajikuta na ndizi za elfu themanini na moja na hakuna aliyebaki kumpokea.

Alimfuata Ndeshi hadi getini. "Umeniua! Mtu unaniachaje peke yangu katikati ya mnada?"

"Pole kaka Elifuraha. Panga bajeti."

Nyumbani mama akala kimya, akaosha sahani. Ndeshi alikaa anasubiri aanze kumsema.

"Walikucheka," mama akasema hatimaye.

"Walimcheka Elifuraha, mama."

Mama akageuka upande wa ukuta. Mabega yakaanza kutikisika. Ndeshi akadhani analia, akainuka haraka, kumbe mama anacheka, anakizuia kicheko kwa ncha ya kitenge na kinamshinda. "Themanini na moja!" akasema. "Na hata hajui kuzipika!" Wakacheka wote wawili mpaka wakaegemeana. Kisha mama akajifuta macho, akakaa, akauliza kitu ambacho hakuwahi kukiuliza katika mwaka na nusu wote ule.

"Hicho kiwanja kina maji?"

"Mfereji unapita chini yake."

"Mm," mama akasema.

Asubuhi mama akapanda basi lake, na Ndeshi akapanda kwenda Ngaramtoni. Saa nne Mzee Lemburis alihesabu, akahesabu tena, akampa mkono na kumwita jirani. Ndeshi alitoka ofisi ya kijiji akashuka mpaka kwenye kiwanja chake, akavua viatu, akasimama tu pale kwenye magugu, anacheka mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata yeye na Nashipae walikuwa wanafyeka. Bahasha ya raha ilikuwa imegharamia soda na nyama, imefunikwa kwenye hotipoti. Wakasikia bodaboda inapanda kwa tabu. Nyuma yake alikaa mama, amekumbatia gunia kubwa lililofungwa kamba.

"Shikamoo mama! Umefikaje huku?"

"Marahaba. Kwani sina mdomo wa kuuliza? Jembe liko wapi?"

Akafungua gunia mwenyewe. Machipukizi ya migomba, sita, mizizi yake imefungwa kwa majani mabichi yasikauke, na udongo wa Machame bado umeng'ang'ania.

"Ule mkungu ulitoka kwenye mgomba mama wa haya," akasema bila kumwangalia Ndeshi. "Kihamba ni cha Ebenezer, hilo mimi siwezi kulibadilisha. Lakini migomba niliipanda kwa mikono yangu, na wa kuigawa ni mimi."

Ndeshi alimshika mama yake mkono, na mama akamwacha aushike kidogo, halafu akauvuta kwa sababu kulikuwa na kazi. Wakachimba karibu na mfereji, mama anaamrisha, Nashipae anabeba maji. Walipofika shimo la nne mama mmoja jirani akapita na dumu la maziwa, akasimama kuwasalimia.

"Karibuni sana. Anajenga kijana wako, mama?"

Nashipae akaacha kumimina maji. Ndeshi akainamia jembe.

Mama alijinyoosha, mkono mmoja kiunoni, mwingine una udongo hadi kwenye kiwiko.

"Kijana gani? Nina kijana, yuko kwake Machame. Hapa ni kwa binti yangu, huyu hapa, Ndeshi. Amenunua kwa hela yake, hajapewa na mtu." Akaona haijatosha. "Na mkungu wa kwanza utakaotoka hapa ataupeleka kwenye mavuno, na atakayeukomboa ni mimi."

"Kwa bei gani, mama?" Nashipae akauliza.

"Mniache," mama akasema, akachukua chipukizi la nne na kulishusha shimoni. "Nina mwaka mzima wa kujipanga."